Kuipanga nyumba kwa Idi kabla mwezi haujaandama

Sikukuu ya Idi unaijua usiku wa kuamkia. Siku ya 29 ya Ramadhani umeshafuturu, redio iko wazi, kila mtu anampigia mwenzake simu: umeandama? Bado? Tangazo la Mufti likitoka saa tatu usiku, kesho yake saa mbili na nusu asubuhi watoto wa jirani wako mlangoni wanataka mkono wa Idi. Hapo katikati hakuna nafasi ya kuanza kupanga nyumba. Ndiyo maana kazi za sikukuu mimi nazigawa mafungu mawili: zisizoujali mwezi na zinazousubiri. La kwanza liwe kubwa. La pili lipunguzwe mpaka limalizike usiku mmoja na bado upate kulala kidogo.

Nakaa Michenzani, hapa Unguja, ghorofa ya nne, kwenye zile nyumba za maendeleo zilizojengwa baada ya Mapinduzi. Hakuna lifti, hakuna baraza, hakuna ua wa kutandika majamvi. Nina sebule moja, vyumba viwili, jiko la kugeukia na choo kimoja, na siku ya Idi mosi humo hupita watu wa koo mbili, wangu na wa mume wangu. Mwenye nyumba ya chini yenye ua ana raha zake, lakini kazi ni zilezile.

Toa kwanza, kununua baadaye

Kumi la kati la Ramadhani ndiyo wakati wa kutoa. Watu wengi huanzia Darajani: pazia jipya, maua ya plastiki, taa za kuwakawaka. Wanarudi nazo kwenye sebule iliyojaa cherehani, feni inayomsubiri fundi tangu mwaka jana, na boksi tupu la televisheni lililowekwa eti kwa ajili ya dhamana. Pambo gani litaonekana hapo?

Nyumba ndogo stoo yake ni uvunguni. Nyanyua kitanda kwa matofali, moja kila mguu, halafu tandika shuka refu linalofika chini. Utashangaa vitu vinavyoingia mule: cherehani, mabegi, vitabu vya skuli, ndoo za ziada. Vya juu ya kabati viteremshe, vifute vumbi, na nusu yake utaona ni vya kugawa. Nguo za watoto zilizowabana zitoke wakati huu. Kuna mtoto wa mtu atazivaa sikukuu.

Mapazia fua wakati huohuo. Idi hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka: 2024 ilikuwa Aprili 10, 2025 ikaangukia mwisho wa Machi. Miaka hii, basi, inatukuta kwenye masika au mlangoni mwake. Pazia zito likikosa jua la siku moja linashika uvundo, na uvundo hauondoki kwa udi. Vikichanganyika, mgeni anakunja pua. Likikauka likunje uliweke kabatini, usilitundike bado. Mwezi mzima jioni tunakaanga sambusa na bajia, moshi wa mafuta unatembea nyumba nzima. Litundike siku ya 29 ukishamaliza kukaanga vya futari.

Wageni watakaa wapi

Hapa pana ubishi na mume wangu kila mwaka, na kila mwaka nashinda. Kochi la watu watatu linakaa watu watatu. Watatu na nusu kama wanapendana. Ukuta uleule ukitandika mkeka na kupanga mito ya kuegemea, wanakaa sita na mtoto mapajani. Kwa hiyo kochi kubwa linasukumwa chumbani kwangu, ambako wanawake watakaa na soga zao, na sebuleni inabaki mikeka miwili ya ukindu ya Pemba, imefutwa kwa kitambaa kibichi na kuanikwa kivulini. Jua kali huukausha ukindu mpaka ukakatika.

Lakini acha viti viwili vyenye mikono, karibu na mlango. Hivyo ni vya wazee wa magoti. Mzee ukimkalisha chini kwa heshima, wakati wa kuondoka anataka vijana wawili wa kumnyanyua, na heshima inaishia hapo.

Meza ya kioo ya katikati itoke kabisa. Mahala pake pawe wazi, sinia ndilo litakaloingia na kutoka. Bilauri za kioo ziende juu ya kabati. Watoto wapewe juisi kwenye vikombe vya plastiki na hakuna atakayekulaumu. Kama sebule ni moja na wageni wa kiume na wa kike wanafika pamoja, kamba na pazia jepesi kwenye korido vinatosha kuwafanya wanawake wapite kwenda chumbani bila kukatiza mbele ya wanaume waliokaa.

Viatu ndiyo kero ya nyumba za ghorofa. Watoto kumi na tano wakivua makobazi mlangoni, jirani wa mbele hawezi kutoka kwake. Weka karai pana au boksi la katoni pembeni ya ngazi, na mtoto wako mkubwa mpe kazi ya kuyatia humo. Na ngazi zenyewe zinahitaji makubaliano: kila ghorofa wasafishe kipande chao, na taa iliyoungua ibadilishwe kabla ya kumi la mwisho, kwa sababu wageni wa usiku ni wengi kuliko unavyodhani.

Choo

Watu huruka hapa, na mimi ndipo ninapokaa zaidi. Mgeni anaweza asilione pazia lako. Choo atakiona, atakuwa peke yake, na ana wakati wa kukagua. Ondoa nguo zote za ndani zilizoanikwa, dawa, nyembe, mswaki wa kila mtu. Acha sabuni mpya, taulo safi ndogo mbili au tatu za kupokezana, kandambili kavu zinazomtosha mwanamume, na kopo lisilo na ufa. Piga msumari mmoja wa kutundika buibui au kanzu, juu kiasi nguo isirowe. Mgeni aliyevaa kanzu nyeupe atakuombea dua.

Maji huku juu hupanda yakitaka, mara nyingi usiku. Kuanzia tarehe 27 ya Ramadhani jaza kila kitu: pipa, madumu, ndoo zenye mifuniko. Dumu la kunywa liwe mbali na la choo, na liwekee alama, maana siku hiyo msaidizi wako anaweza kuwa mtoto wa shangazi asiyejua la wapi ni la wapi. Tokeni za umeme nunua mapema, mtungi wa gesi utikise ujue umebaki nini, na jiko la mkaa liwe tayari roshani hata kama huna nia ya kulitumia.

Vyakula vinavyokaa na visivyokaa

Vileja na visheti pika wiki moja kabla. Vileja ni unga wa mchele na samli, vinakaa vizuri, ila viache vipoe kabisa kabla ya kufunika bati. Vikifunikwa na joto vinalegea na kunata. Panga kwa safu, karatasi katikati, kisha ficha. Simaanishi uweke kabatini. Ficha.

Halua mimi sipiki, nanunua, ya kwenye kikapu cha ukili. Isiingie kwenye friji, inakuwa ngumu. Sambusa zikunje mbichi, zinyunyizie unga kidogo zisishikane, zigandishe. Vitunguu vya biriani vikaange siku mbili tatu kabla, vikipoa viweke kwenye chupa kavu. Kuku akatwe, aoshwe, agande. Siku ya 29 mtoe, na jioni mtie mtindi, tangawizi, thomu na bizari. Mwezi usipoandama, atakaa kwenye friji mpaka kesho yake na atazidi kuwa mtamu. Hicho ndicho kipimo changu cha kila chakula kabla ya tangazo: kikichelewa siku moja, kitaharibika? Kama jibu ni ndiyo, hakianzwi. Mkate wa kumimina, kaimati, wali wenyewe, juisi ya embe, vyote hivyo vinasubiri mwezi.

Mchele wa zakatul-fitri, pishi moja kwa kila kichwa ndani ya nyumba, upimwe mapema na ukae kwenye mfuko wake karibu na mlango. Unatakiwa utoke kabla ya swala ya Idi, na asubuhi ile hakuna mwenye akili ya kutafuta kibaba.

Vyombo vya kuazimana

Hakuna mtu Michenzani mwenye masinia ya kutosha. Tunaazimana, na baada ya Idi inaanza kazi ya kutafutana. Geuza kila sinia, kawa na sufuria, tia alama ya rangi ya kucha chini. Yangu ni nukta mbili nyekundu. Jirani yangu ana mstari wa zambarau. Ulichoazima kiandike kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa friji, pamoja na jina. Birika na beseni la kunawisha weka pamoja na taulo lake, dele la kahawa na vikombe vyake viwe kwenye sinia dogo peke yake, ili anayetumwa abebe mara moja tu.

Usiku wa tangazo

Umeandama? Kwanza tandika mito na foronya safi, mapazia yameshatundikwa jioni. Mtu mmoja jikoni, mmoja sebuleni. Pika masala ya biriani usiku huo, mchele uutoe mawe na kuuweka tayari. Utaoshwa na kupikwa asubuhi wanaume wakiwa msikitini.

Mtume mtu Darajani akalete asmini zikiwa bado vitumba. Zikichanua sokoni, asubuhi unapata maua ya kahawia. Zifunge kwenye kitambaa kibichi usiku. Alfajiri zitakuwa zimefunguka, zitungie uzi au changanya na mrehani na mkadi uzipange kwenye sahani, moja sebuleni, moja chumbani. Pambo hilo linanitosha. Taa za kuwakawaka wawekee watoto dirishani, wanazipenda.

Udi una utaratibu wake. Tia jivu ndani ya chetezo, chini kabisa, ili kisipasuke kwa joto, kisha makaa mawili ya kifuu yaliyokwisha kushika moto, mekundu yenye ukungu mweupe juu. Yakiwa bado yanatoa moshi wao wenyewe, subiri. Kipande cha udi kiwe kidogo, cha kucha ya kidole gumba. Funga madirisha, pitisha chetezo chini ya mapazia, kisha kiweke chini na ushikilie mito na kanga juu yake kimojakimoja, bila kukigusa chetezo. Udi ukianza kutoa harufu ya kuungua, uondoe kwa koleo, ulichotaka umeshapata. Baada ya robo saa fungua madirisha yote. Kama kuna mwenye pumu ndani, fanya hivyo akiwa hayupo, au achia asmini peke yake.

Asubuhi yenyewe

Tende mlangoni, kwa wanaotoka kwenda kuswali, maana Idi hii mtu hula kidogo kabla ya kwenda. Kisha kopo la sarafu. Chenji itafute mapema kumi la mwisho, kwa wauza duka au makonda wa daladala, kwa sababu tarehe 28 kila mtu anaitaka na hakuna. Sarafu za 200 kwa watoto wa mtaa, za 500 kwa wale unaowajua mama zao, na noti kwa wa damu, ziwe pembeni kwenye bahasha zisionekane na wengine. Watoto wa mtaa wapokelee palepale mlangoni: mkono wa Idi, kileja kimoja, pipi moja, waende zao viwanjani. Wakiingia ndani hawatoki, na wanawachelewesha wenzao wa ghorofa ya juu.

Wageni wakubwa huja kwa mikupuo. Wa kwanza, waliotoka msikitini, hawakai: kahawa, halua, tambi, wameondoka. Usiwapakulie wali. Wa biriani huanza saa saba. Kati ya mikupuo hiyo una kama saa moja. Itumie kuosha vikombe vyote na kupiga deki choo, hata kama kinaonekana safi. Baada ya alasiri watoto hutaka kupelekwa viwanja vya Mnazi Mmoja au Kariakoo, za hapahapa Unguja, wanaume wanawafuata, na nyumba inatulia mpaka isha.

Usiku wa sikukuu mosi osha masinia ya watu kabla ya yako. Yapange kwa alama, weka ndani ya kila moja vileja vichache au kipande cha mkate wa kumimina kilichobaki, na sikukuu pili unapokwenda kuwasalimia wenyewe wapelekee palepale. Kochi liache chumbani mpaka sikukuu nne ipite.