SOMO: Kabla hujasema "waandishi wamechemka" kwenye komedi, pitia hatua hizi

Wakuu, salaam. Kila wiki ni yale yale: "mbona fulani sizoni ya kwanza baba yake kafa, halafu sizoni ya tano huyo hapo anakunywa chai?" Au: "hawa wawili wana jina moja, ni ndugu?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena namtumia hii.

Hatua ya 1. Andika dai lako kwa sentensi moja: komedi ipi, sizoni, episodi, dakika. Bila dakika hatujadili.

Hatua ya 2. Tenganisha majina matatu: la mwigizaji, la usanii, la mhusika. Huku kwetu mawili ya mwisho mara nyingi ni kitu kimoja. Amri Athumani jina lake la usanii lilikuwa King Majuto, na ndani ya maigizo wakamwita Majuto vile vile. Benson Wanjau wa Kenya alikuwa Mzee Ojwang kwenye Vitimbi na kwenye Vioja Mahakamani. Kwa hiyo Majuto akiwa na wake wawili huku na mgane kule, hakuna kosa. Ni hadithi mbili zisizojuana. Marekani nako yapo: Will Smith alicheza kijana anayeitwa Will Smith, Martin Lawrence akawa Martin Payne kwenye komedi ya Martin.

Ukoo wa waigizaji nao msiubuni. Kwenye The Jeffersons (1975 hadi 1985), Lionel alichezwa na Mike Evans, akaja Damon Evans, kisha Mike akarudi. Hao hawana undugu wowote, ni jina tu.

Na sura moja haimaanishi mtu mmoja. John Mahoney alitokea kwenye Cheers mwaka 1992 kama mtunzi wa nyimbo za matangazo na akaongea na Frasier, mhusika wa humo, ana kwa ana. Mwaka uliofuata, Frasier alipopewa komedi yake mwenyewe, Mahoney huyo huyo akawa baba yake, Martin Crane.

Hatua ya 3. KAGUA KOPI YAKO. Hapa ndipo wengi mnapoangukia, kwa hiyo soma taratibu. Ukijaza flashi kibandani hapa Mwanza, iwe Makoroboi au Igoma, unapewa mafaili yaliyopita mikono mingi. Kwanza, mpangilio. Runinga nyingi hupanga mafaili kwa herufi, si kwa namba, kwa hiyo "Episodi 10" inakaa kabla ya "Episodi 2". Unaona watu wameachana, kesho yake ndiyo wanatambulishwa, unaamka na hasira. Badilisha majina kwanza: 01, 02, 03 hadi 09, ndipo 10. Kuna runinga nyingine hazijali jina kabisa, zinafuata faili lipi lilitangulia kuingia kwenye flashi. Hapo futa yote, nakili upya moja baada ya jingine kwa zamu.

Pili, kopi iliyotafsiriwa. Anayeingiza sauti ya Kiswahili huwapa wahusika majina ya huku ili watu wacheke, na leo anaweza kumwita mtu Masanja, kesho akamwita Shija. TAHADHARI: usilete hoja ya jina lolote kutoka kwenye kopi iliyotafsiriwa. Tafuta sauti ya asili.

Tatu, kopi iliyokatwa au kurekebishwa. Vituo vinavyorudia komedi hupunguza dakika ili matangazo yaingie, na mara nyingi kinachokatwa ni kile kipande cha maelezo unachokitafuta. Wakati mwingine wanafanya zaidi ya kukata. Kwenye Seinfeld, Frank, baba yake George, alipotokea mara ya kwanza mwaka 1993 alichezwa na John Randolph. Baadaye Jerry Stiller alipochukua nafasi, vipande vile vya Randolph vilipigwa upya na Stiller kwa ajili ya marudio. Maana yake watu wawili wa Kirumba wanaweza kubishana mpaka vikombe vivunjike na wote wawili wakawa sahihi, kila mmoja kwa kopi yake.

Hatua ya 4. Jiulize nani alisema. Kuna jambo tuliloliona kwa macho, na kuna jambo mhusika alilolisema kwa mdomo. La pili ni hafifu, kwa sababu wahusika wa komedi ni waongo wa kupindukia. Kwenye Cheers, Frasier alisema baba yake alikuwa mwanasayansi na amekwisha kufariki. Kwenye Frasier baba ni polisi mstaafu, na yu hai. Mwaka 1995 waandishi wakamleta Sam, rafiki yake wa Cheers, akamuuliza mbele ya mzee mwenyewe. Jibu la Frasier: wakati ule walikuwa wamegombana. Waandishi walijua wamejifunga, wakageuza fundo kuwa kichekesho.

Hatua ya 5. Lipe tatizo jina lake. Mwigizaji kabadilishwa: Aunt Viv wa The Fresh Prince of Bel-Air, Janet Hubert akaondoka, akaingia Daphne Maxwell Reid. Claire wa My Wife and Kids naye, Jazz Raycole kisha Jennifer Freeman. Hilo si kosa, ni ajira.

Mhusika kapotezwa: Judy, mtoto mdogo wa kike wa Family Matters, alitoweka mwaka 1993 na hakuna aliyemuulizia. Happy Days ndiyo iliyozidi. Chuck, kaka mkubwa wa Richie, alichezwa na watu wawili tofauti kisha akayeyuka, na episodi ya mwisho mwaka 1984 baba anawazungumzia watoto wake wote wawili kana kwamba wa tatu hakuzaliwa.

Historia kuandikwa upya: episodi ya kwanza ya Friends, Monica anamtambulisha Rachel kwa Chandler kama wageni. Miaka kadhaa baadaye tunaonyeshwa kwamba walikwisha kukutana wakiwa vijana, nyumbani kwa kina Monica. Hili ndilo kosa la kweli. Hapa lalamika.

Hatua ya 6. Ukipata jibu, liandike pamoja na mwaka wa kurushwa.

MASWALI

Dagaa Mkavu: Mkuu somo zuri. Sasa Ojwang wa Vitimbi na yule wa Vioja ni mtu mmoja au?

Furu wa Kirumba (mleta somo): Hatua ya 2.

Dagaa Mkavu: Nimesoma harakaharaka mkuu, ndiyo maana nauliza.

Furu wa Kirumba: Soma polepole. Ipo pale pale.

Mjukuu wa Nansio: Kaka shikamoo. Mimi swali langu ni la Phoebe wa Friends na pacha wake Ursula. Kuna komedi nyingine nimemwona Ursula akiwa mhudumu wa mgahawa, na Friends haitajwi kabisa. Yupi alianza?

Furu wa Kirumba: Marahaba. Swali safi hili. Ursula ndiye alianza. Lisa Kudrow, huyo huyo anayemcheza Phoebe, alikuwa akimcheza kwenye Mad About You (ilianza 1992). Friends ilipoanza 1994 ilipangwa kituo kile kile, NBC, Alhamisi, mara tu Mad About You inapoisha. Mtazamaji angeona sura ile ile akiwa mtu mwingine ndani ya nusu saa. Wakaamua wawe mapacha. Tafuta episodi ya sizoni ya kwanza, Helen Hunt, nyota wa Mad About You, anaingia kwenye mgahawa wa kina Phoebe na kumdhania ni Ursula.

Mjukuu wa Nansio: Kumbe! Basi komedi hizo mbili ni dunia moja.

Furu wa Kirumba: Ngoja nikuharibie usiku. Mwaka 1992 Kramer wa Seinfeld alitokea kwenye Mad About You, maana yake hao nao wanaishi dunia hiyo. Halafu mwaka 1995 ndani ya Seinfeld, George na mchumba wake wamelala wanaangalia Mad About You kwenye runinga. Rafiki wa George amewahi kuingia ndani ya kipindi ambacho George anakitazama. Hili halifunguki kwa hatua yoyote hapo juu. Waandishi walitaka kicheko, wakachukua kicheko.

Sangara Mbichi: Unapoteza muda, hivi ni vichekesho tu.

Furu wa Kirumba: Na wewe umesoma mpaka chini.

Mwana Sengerema: Kaka, Everybody Hates Chris inasema ni maisha ya Chris Rock. Mbona hesabu inakataa?

Furu wa Kirumba: Inakataa kweli. Rock kazaliwa 1965. Komedi inaanza 1982 na Chris ana miaka 13; Rock mwenyewe alikuwa na 17. Walisogeza miaka makusudi. Usimpigie hesabu mtoto wa komedi: Nicky wa Fresh Prince alikuwa mchanga, sizoni iliyofuata anaongea. Na ukishafika hapo, mtazame vizuri mama yake Chris. Ni Tichina Arnold, yule yule Pam wa komedi ya Martin. Hatua ya 2 tena.

Dagaa Mkavu: Kwa hiyo Martin wa Pam ndiye Martin baba yake Frasier?

Furu wa Kirumba: Dagaa.

Mama Pasiansi: Naomba nichangie upande wa kopi. Mkibadilisha jina la faili la video, badilisheni na lile la .srt lifanane herufi kwa herufi, la sivyo maandishi ya chini hayatokei.

Furu wa Kirumba: Asante sana mama, hilo nililisahau. Na kama faili linazidi GB 4 na flashi ni ya FAT32 (mfumo wa zamani wa kuhifadhi mafaili), haliingii hata flashi ikiwa tupu. Ifomatiwe exFAT, ila jaribu kwanza kama runinga yako inaisoma, za zamani nyingi zinaikataa.

Mama Pasiansi: Yangu imekataa. Nimepunguza ukubwa wa video badala yake, inasoma vizuri.