Kumpikia Mzee Mwenye Kisukari Bila Kumtengea Sufuria

Katika nyumba nyingi, mzee akishaambiwa kliniki kwamba ana kisukari, jikoni huongezwa sufuria ndogo: mchicha uliochemshwa bila kitunguu, ugali wa dona na kitoweo kisicho na ladha, huku wengine wakila wali na mchuzi mbele yake. Nia huwa njema, lakini mzee hupoteza hamu ya kula, hukonda, na pengine hudokoa maandazi watu wakitoka. Nashauri njia nyingine: badilisha kidogo kidogo chakula cha nyumba nzima, kisha mpakulie mzee kutoka sufuria ile ile, kwa kipimo chake.

Kipimo chenyewe ni sahani. Nusu yake iwe mboga, kama vile mchicha, matembele, bamia, kabichi au biringanya. Robo iwe kitoweo. Na robo inayobaki ndiyo ya wanga, yaani ugali, wali, ndizi, viazi au muhogo. Vyakula hivi vya wanga hugawana robo hiyo hiyo, kwa hiyo penye wali usiongeze chapati. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuamini kwamba dona, mtama na ulezi havipandishi sukari, na kwa imani hiyo mzee hupakuliwa ugali tele. Pumba za nafaka huchelewesha usagaji wa chakula tumboni, na hiyo ni faida kubwa, lakini wanga ni wanga, na ukizidi utapandisha sukari hata ukiwa wa mtama. Uji nao uangaliwe, kwa sababu unga laini uliopikwa ukawa mwepesi husagwa haraka. Kikombe kidogo kisicho na sukari, pamoja na yai la kuchemsha au karanga, kinatosha asubuhi.

Kitoweo kisipunguzwe kwa kisingizio cha ugonjwa. Mtu anapozeeka misuli hupungua, na asipopata protini ya kutosha miguu hukosa nguvu na kuanguka huwa rahisi. Mpatie mzee samaki, dagaa, mayai, mtindi, kunde au choroko kila siku, isipokuwa pale daktari alipoweka mipaka kwa sababu ya figo. Ikiwa meno yamepungua, pika maharage mpaka yavurugike, na katakata mboga ziwe nyembamba. Ikiwa macho yamefifia, mchambue samaki miiba huko huko jikoni, ili mzee asihangaike mbele ya wajukuu.

Kuhusu ladha, sioni sababu ya kumnyima mzee nazi kabisa. Kwa mchuzi wa samaki, kaanga kitunguu kwa mafuta kidogo, tia kitunguu saumu, tangawizi, bizari na nyanya mpaka ziive vizuri, ongeza bamia na biringanya, kisha mimina tui jepesi. Samaki akishaiva, malizia kwa kikombe kidogo cha kahawa cha tui zito kwa sufuria nzima, na kamulia ndimu baada ya kuepua. Ndimu, pilipili na tangawizi humsaidia mzee ambaye ulimi wake umeanza kupoteza ladha, naye hataitafuta chumvi sana. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, takriban kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pamoja na ile iliyomo katika dagaa wa chumvi na viungo vya pakiti.

Chai ipikwe na iliki, mdalasini au tangawizi, na sukari ipunguzwe nusu kijiko kila baada ya siku chache mpaka ulimi uzoee. Asali ni sukari vilevile. Tunda liliwe zima badala ya kunywewa juisi: chungwa moja, au kipande cha papai kinachoenea kiganjani.

Jambo linalonitia hofu zaidi ni sukari kushuka, hasa kwa wanaotumia insulini au vidonge vya kushusha sukari viitwavyo glibenklamaidi, ambavyo orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inasema haviwafai waliozidi miaka 60. Kama mzee anavitumia, muulize daktari, wala usimsimamishie dawa mwenyewe. Kijana sukari ikimshuka hutokwa jasho na kutetemeka. Mzee anaweza tu kuchanganyikiwa au kusinzia, na watu wakadhani ni uzee. Mpime. Ikiwa chini ya milimoli 3.9 kwa lita, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari ndani ya maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, mpime tena baada ya dakika 15, na rudia kama haijapanda. Ikipanda, ale chakula. Asiyeweza kumeza asitiliwe kitu mdomoni, bali apelekwe hospitali mara moja. Kwa sababu hiyo hiyo, akishatumia dawa yake asikawizwe chakula kwa kungoja wageni, na anayetaka kufunga Ramadhani aonane na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, ili dozi na saa za dawa zipangwe upya kufuata futari na daku.