Somo: Kuainisha viumbe hai kwa njia tatu

Andika majina ya popo, njiwa, mamba, mjusi na nyangumi, kila moja kwenye kikaratasi chake, kwa kuwa utayahamisha zaidi ya mara moja.

Hatua ya kwanza ni kuwagawa kwa sifa moja uliyoichagua mwenyewe. Ukichagua kuruka, popo ataungana na njiwa, na wengine watabaki upande wa pili. Huu ni uainishaji bandia, ambao ni mwepesi lakini haukuambii mengi zaidi ya sifa hiyo. Tusiudharau: mwaka 1735 Carl Linnaeus wa Uswidi aliigawa mimea kwa kuzingatia zaidi idadi ya stameni, yaani sehemu za kiume za ua, na kuhesabu hakumshindi mtu.

Hatua ya pili ni kutazama sifa nyingi kwa pamoja, yaani uainishaji asilia. Popo huzaa na kunyonyesha, hivyo anamwacha njiwa na kumfuata nyangumi. Mamba na mjusi, wenye magamba na damu baridi, wanakaa pamoja.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo huwakwamisha wengi, hufuata ukoo. Hapa hatuulizi nani anafanana na nani, bali nani wana babu wa pamoja aliye karibu zaidi, kama alivyofafanua Mjerumani Willi Hennig mwaka 1950. Moyo wa mamba una vyumba vinne kama wa njiwa, ilhali wa mjusi una vitatu. Moyo peke yake usingetosha kuwa ushahidi, lakini jeni nazo zinasema hivyo hivyo. Hamisha kikaratasi cha mamba ukiweke kando ya njiwa.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, kwa hiyo ndege ni reptilia, yaani wa kundi la mamba na mjusi?
Jibu: Kwa njia ya ukoo, ndiyo, kwa sababu kundi halali ni lile lenye babu mmoja pamoja na wazao wake wote. Kwenye mtihani, fuata mfumo uliotajwa katika swali.

Swali: Mbona popo na njiwa wote wana mabawa?
Jibu: Yachunguze kwa karibu. Bawa la popo ni ngozi iliyotandazwa juu ya vidole virefu; la njiwa limejengwa kwa manyoya, na vidole vyake vimepungua na kuungana. Kila ukoo ulipata uwezo wa kuruka kivyake.

Swali: Uyoga ni mmea?
Jibu: Hapana. Robert Whittaker aliwapa fangasi, yaani kundi la uyoga, himaya yao (himaya ni kundi kubwa kuu la viumbe) katika mfumo wake wa himaya tano wa mwaka 1969, na jeni zimeonyesha kwamba wako karibu zaidi na wanyama kuliko mimea.