Panga jiko lako kwa kufuata mkono wa mpishi

Ile picha ya jiko uliyoihifadhi kwenye simu iweke kando kwanza, tutaifikia. Mimi ni seremala wa makabati ya jikoni, karakana yangu ipo Keko, Dar es Salaam. Mteja akija na picha, swali langu la kwanza ni hili: ugali wa nyumbani kwako anasonga nani, na sufuria yenu kubwa kuliko zote ina upana gani? Wengi wanashangaa, kwa sababu wamekuja kuuliza bei ya mita moja ya kabati. Lakini majibu hayo ndiyo yanayonipa kimo cha kaunta, ukubwa wa sinki na mahali pa kuweka jiko la gesi. Rangi na vishikio havinipi lolote kati ya hayo.

Anza kwa kukaa jikoni na kutazama. Chagua siku yenye shughuli, ya pilau au ya wageni, siyo siku ya chai na mkate. Angalia mpishi anageukia wapi, maji anayabeba kutoka wapi, na chombo gani anakosa pa kukiweka. Kila kinachokaa sakafuni, iwe ndoo, kinu, mbuzi ya nazi au beseni la vyombo vichafu, hakikutengewa mahali tangu nyumba inajengwa. Viandike vyote, uvipime. Kabati lililopimwa kwa mtungi wa kilo 6 halitapokea mtungi wa kilo 15. Ungo unataka ukuta mtupu wa kuutundika. Ndoo ya lita 20 inatakiwa iingie chini ya koki bila kulazwa. Na kwa kuwa maji yanakatika, pipa la akiba liwekwe kwenye mchoro mapema, la sivyo litaishia kwenye njia ya mlango.

Kisha shika tepu. Kila ukuta upime mara tatu: karibu na sakafu, usawa wa kiuno na usawa wa kichwa, maana kuta zetu nyingi hazikunyooka, na kabati lililopimwa chini tu litagoma kuingia juu. Pima kimo cha dirisha kutoka sakafuni, mlango unafungukia upande gani, bomba la maji machafu linatokea wapi. Chora kwenye karatasi ya miraba, sentimita 1 ya karatasi iwe sentimita 20 za ukweli. Chumba cha mita 2.4 kwa 3.6 kitakuwa sentimita 12 kwa 18. Kata vipande vya manila kwa kipimo hicho hicho, kimoja friji, kimoja sinki, kimoja jiko la gesi, uvisogeze utakavyo. Kusogeza manila hakuna gharama, kusogeza bomba kuna gharama.

Na bomba ndilo la kuliheshimu kuliko vyote. Maji machafu ya sinki yanahitaji mteremko wa karibu sentimita 2.5 kwa kila mita. Ukilihamisha sinki mita 3 kutoka lilipo, bomba litashuka sentimita 7.5, na hapo utakuwa unachimba sakafu. Kama sinki lako lipo kwenye ukuta wa nje, chini ya dirisha, mimi nakushauri uliache papo hapo na upange vingine kulizunguka.

Baada ya bomba ni upepo. Pwani tuna kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi, halafu kusi inashika kwa miezi mingi ya katikati ya mwaka. Simama jikoni usikie unaingilia wapi. Upepo ukipita jikoni kwanza ndipo uingie sebuleni, harufu ya samaki wa kukaanga italala na ninyi. Hapo feni ya kutolea moshi, iliyotobolewa ukutani juu ya jiko, ina kazi kubwa kuliko kabati lolote la juu. Jiko la gesi usiliweke mbele ya dirisha lenye upepo: moto ukizimika, jiko lisilo na kifaa cha kujifunga litaendelea kutoa gesi. Gesi hii ya mitungi ni nzito kuliko hewa, inatulia chini. Kwa hiyo mtungi ukikaa ndani ya kabati, matundu ya hewa yawe chini kabisa, usawa wa sakafu, na yatokee mahali penye hewa. Bora zaidi mtungi ukae nje, kwenye kizimba chenye kivuli na kufuli, bomba la shaba liingie ndani. Ukiweza hilo, usisite.

Sasa panga mfuatano wa kazi. Chakula kinatoka kwenye friji au stoo, kinapita sinki, kinakatwa, kinaingia motoni, kinapakuliwa. Vipande vyako vya manila vifuate mstari huo. Mwaka 1926 msanifu majengo Margarete Schütte-Lihotzky alichora jiko la nyumba za Frankfurt, Ujerumani, lenye upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4 tu, akiwa amezingatia kila hatua ya mpishi. Jiko dogo, basi, si kisingizio cha jiko baya. Kwenye chumba changu cha mfano, kile cha mita 2.4 kwa 3.6, ukuta mrefu naugawa hivi: friji sentimita 70, sehemu ya kuweka mizigo 40, sinki 80, sehemu ya kukatia 80, jiko 60, na 30 za kushushia sufuria ya moto. Ile sehemu ya kukatia, katikati ya sinki na jiko, usikubali iliwe na kitu kingine. Hapo ndipo mpishi anapomalizia muda wake mwingi. Ukuta wa mkabala unabeba kaunta ya pili. Kaunta mbili za kina cha sentimita 60 zinaacha njia ya sentimita 120, watu wawili wanapishana bila kugusana na mafuta ya moto.

Kimo ndipo ninapobishana na mafundi wenzangu. Vipimo vya vitabuni vinasema kaunta iwe sentimita 90, basi slabu nzima inamwagwa 90. Kwa kukatia mboga ni sawa kwa mtu wa kimo cha wastani. Mwambie mpishi akunje kiwiko, ushuke sentimita 10 hadi 15, utapata kimo chake mwenyewe. Lakini weka jiko la mezani juu ya slabu hiyo, kisha sufuria, mdomo wa sufuria unafika sentimita 120 au zaidi. Nani atasonga ugali wa watu wanane mkono ukiwa usawa wa kifua? Kusonga kunataka uzito wa bega ushuke kutoka juu. Ndiyo maana sehemu ya jiko la mezani naishusha hadi sentimita 70 au 75, na ngazi hiyo ndogo kwenye kaunta inazuia pia mafuta yasitambae. Anayekuna nazi kwa mbuzi naye anahitaji mahali pa kukaa akinyoosha mguu, karibu na mlango wa nyuma. Jiko la mkaa libaki barazani penye hewa. Moshi wake una sumu isiyo na harufu, na chumba kilichofungwa si mahali pake.

Umeme uamuliwe kabla ya vigae. Soketi yetu ya ampea 13 kwa volti 230 inabeba karibu wati 3,000. Birika na presha kuka ya umeme vikichomekwa pamoja kwenye ekstensheni moja vinafika huko haraka. Weka soketi nyingi kuliko unavyodhani, juu ya kaunta, mbali na sinki. Oveni ya umeme iwe na waya wake na swichi yake.

Kuhusu mbao, unyevu wa Pwani hauna huruma. MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizobanwa kwa gundi, huvimba chini ya sinki. Kama una slabu ya zege na kuta za tofali zilizo imara, usivunje. Tengeneza fremu na milango tu, pesa itakayobaki inunue mtiki mkavu au mninga. Msipokuwa na slabu, tumia plaiwudi ya marini, ile inayostahimili maji, kwenye maeneo ya maji. Milango ianzie sentimita 10 juu ya sakafu, kwa sababu tunadeki kwa maji, na nafasi hiyo iingie ndani kidogo ili vidole vya miguu vipate pa kukaa. Bawaba ziwe zisizoshika kutu. Juu ya kaunta, graniti inavumilia ndimu na ukwaju. Marumaru na terazo huliwa na asidi, zikabaki na madoa yaliyofifia.

Hapa sasa fungua ile picha. Itazame ukijua nini kinawezekana kwako. Makabati meupe yanapendeza, lakini manjano ya mchuzi huacha alama, basi weupe uweke juu, na chini uweke rangi ya mbao au kijani kilichokolea. Nyuma ya jiko tumia vigae vikubwa vyenye grauti ya kijivu. Sakafu iwe na vigae visivyoteleza. Nunua asilimia 10 ya ziada, na hakikisha namba ya toleo kwenye maboksi ni moja, kwani vigae vya jina moja huweza kutofautiana rangi. Rangi ya ukuta ipake kipande kikubwa, ukiangalie mchana na usiku. Taa moja ya katikati ya dari humpa mpishi kivuli chake mwenyewe juu ya ubao. Weka taa za LED chini ya makabati ya juu, upande wa mbele.

Kazi ikianza, jiko la muda liwe tayari barazani. Kubomoa, mabomba na umeme, plasta, vigae, kaunta, kisha makabati. Mimi nachukua vipimo vya mwisho vya makabati baada ya vigae kukaa, wala sikati mbao kabla ya hapo. Lipa kwa hatua, usimalize malipo mapema. Siku ya kukabidhiwa, jaza sinki hadi juu uliachie maji huku ukipapasa bomba la chini, paka povu la sabuni kwenye viungo vya gesi uone kama linatoa mapovu, kisha fungua milango na droo zote kwa pamoja. Zinazogongana zirekebishwe fundi akiwa bado yupo.