Mfuko wa wahitaji kanisani: namna ya kuuendesha bila kumwaibisha anayepokea

Makanisa ya Kisumu hayana choyo. Kasoro yao ni kutoa kwa kushtukizwa. Mtu anasimama baada ya matangazo, analia, kikapu kinazungushwa, na jirani yake mwenye shida kubwa zaidi lakini asiye na ulimi wa kusema amekaa kimya benchi ya nyuma. Anayejua kulia mbele za watu hupata, asiyejua hukosa.

Wajibu wenyewe hatuujadili hapa. Torati, manabii, Yesu na mitume wote wameusema, na Yakobo amekwisha kumtaja yule anayemwambia ndugu aliye uchi na mwenye njaa aende kwa amani, akaote moto na kushiba. Mwongozo huu ni wa kanisa la watu mia moja hivi, la mitaa ya Kisumu kama Manyatta, Nyalenda na Obunga, au kijijini Siaya na Vihiga, lisilo na mfadhili wa nje.

Kamati: watu watano, na wawe akina nani

Someni Matendo sura ya 6 kabla ya kuchagua. Ugomvi ulianza kwa sababu wajane waliosema Kigiriki walikuwa wakisahauliwa katika mgao wa kila siku. Mitume waliagiza wachaguliwe watu saba, na majina ya wote saba ni ya Kigiriki: kazi ya kugawa ilikabidhiwa upande uliokuwa ukisahauliwa. Kwenu ni nani anayesahauliwa? Katika kanisa ambalo kila kitu huendeshwa kwa Kijaluo, mara nyingi ni mama Mluhya au Mkisii aliyeolewa hapo akafiwa na mume, tena ni vigumu ajieleze mbele ya wazee kwa lugha asiyoimudu.

Basi kati ya watano, wawili wawe watu wanaojua njaa kwa jina: mjane, mwendesha boda boda, mama wa kibanda cha mboga. Mweka hazina awe mmoja na mwandishi mwingine, wasiwe mume na mke. Mchungaji au padre asishike pesa hizi wala asiwe mwenyekiti. Tunalisema hili kwa kumhurumia: akishika mfuko, kila anayenyimwa atakuwa amenyimwa na mchungaji, na mtu aliyekasirika na mchungaji haji tena hata kuombewa. Muhula uwe miaka miwili. Kama tayari mna chama cha kazi hii, kwa mfano Dorkasi kwa Waadventista au jumuiya ndogo ndogo kwa Wakatoliki, msiunde kingine. Kipeni hicho daftari na bajeti.

Pesa: zinatoka wapi, zinakaa wapi

Paulo aliwaambia Wakorintho kila mtu aweke kitu kando siku ya kwanza ya juma, kadiri alivyofanikiwa, ili michango isichangwe haraka haraka atakapofika. Ni shauri la uhasibu hilo. Kidogo cha kila wiki hushinda harambee ya mara mbili kwa mwaka, kwa sababu njaa haingoji harambee.

Pigeni hesabu kwa unyenyekevu. Kanisa la watu 120, hesabuni nusu tu ndio watatoa kila wiki. Watu 60 kwa shilingi 50 ni 3,000 kwa wiki, 12,000 kwa mwezi wa Jumapili nne. Gaweni hivi: 6,000 za chakula na dharura, 3,000 za kodi ya nyumba na matibabu, 3,000 za akiba. Akiba isiguswe hata mfuko wa chakula ukikauka, na sababu yake mtaiona tukifika kwenye mahindi.

Pesa zikae kwenye akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu, wawili wakitosha kutoa, na mchango uingie kwa nambari ya paybill ya akaunti hiyo. Simu ya mtu binafsi isitumike, hata kama ni ya mtu mwaminifu kuliko wote. Simu huibwa, laini hufungwa, mwenyewe hulazwa hospitali, na siku hiyo hakuna anayejua ni shilingi ngapi zake na ngapi za wajane. Paulo mwenyewe, mchango wa Yerusalemu ulipokuwa tayari kukusanywa, alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine wawili, na akaandika wazi kwamba ni ili mtu asiwalaumu.

Ziara

Hakuna pesa inayotoka bila ziara, isipokuwa mgonjwa wa usiku. Nendeni wawili, na mmoja awe mwanamke. Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, kilichoanzia Paris mwaka 1833, kimeshika desturi hiyo ya kwenda wawili wawili mpaka leo. Msivae sare ya kwaya wala fulana ya kanisa. Kwenye ploti ya vyumba kumi, majirani watajua mmefuata nini kabla hamjapiga hodi. Mgeni haendi mikono mitupu, lakini mkate mmoja watosha. Mkibeba boksi la vitu, ziara imegeuka kuwa mgao na hamtaambiwa ukweli.

Mkisha kukaribishwa, ketini mnapoonyeshwa, hata kama ni kwenye mtungi uliopinduliwa. Msiulize, "Mna shida gani?" Mtu akiulizwa hivyo huorodhesha anavyodhani mnavyo. Ulizeni, "Jana jioni mlikula nini, mama?" Jibu la swali hilo halina maandalizi. Kisha: kodi imefika mwezi gani? Watoto waliokwenda shule leo ni wangapi? Kuna ndugu anayejua hali hii? La mwisho linatoka 1 Timotheo 5, ambapo jamaa wanatakiwa kumtunza mjane wao kwanza ili kanisa lisilemewe. Lakini lisitumiwe kama mlango wa kumtolea mtu nje. Mwana aliye Nairobi asiyepokea simu tangu mwaka juzi si jamaa wa kumtegemea, na mama asilazwe njaa ili mwana apate somo.

Macho nayo yafanye kazi: majivu ya jikoni ni ya leo au ya juzi? Kuna mtoto wa umri wa shule nyumbani saa nne asubuhi? Dawa za kila siku zikionekana mezani, msiulize ni za nini. Andikeni tu kwamba huyu hawezi kukosa chakula, kwa sababu dawa nyingi humsumbua anayezinywa tumbo tupu.

Msiahidi chochote mlangoni. Semeni, "Tumesikia, mama. Kamati inakaa Jumatano, Alhamisi tutakupigia simu." Na Alhamisi mpige, hata kama jibu ni hapana.

Daftari

Kila kaya ipewe nambari, si jina. Orodha ya majina na nambari ikae kwa watu wawili pekee, kwenye sanduku lenye kufuli. Ukurasa mmoja unatosha kuonyesha namna:

Kaya 14. Ziara: 6 Mei. Watu 5, watoto 4. Kodi: nyuma miezi 2. Uamuzi: chakula wiki 2, kodi mwezi 1, kwa mwenye nyumba. Mwisho: 6 Agosti. Kupitia upya: 8 Julai.

Mstari wa "mwisho" ndio husahauliwa. Bila tarehe ya mwisho, kaya tatu za kwanza hubaki kwenye orodha miaka minne na mfuko haupati nafasi ya mtu mpya. Wekeni miezi mitatu kwa kila kaya, kisha mwende tena kuangalia. Mzee asiye na mtu, au mlemavu asiyeweza kazi, huyo aandikwe wa kudumu bila aibu. Hata orodha ya wajane ya 1 Timotheo ilikuwa ya kudumu, ya waliotimiza miaka 60.

Ripoti ya kanisani isomwe kila mwezi kwa tarakimu tu: kaya saba, shilingi 11,400, salio kadhaa. Yesu alisema mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kulia, na mwenye kusikia haja ya kujua ni nani alisaidiwa aambiwe hivyo kwa upole. Picha za mama akipokea unga zisipigwe kamwe. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 ingewatosha, lakini Boazi aliliona zamani: aliwaagiza vijana wake wamwachie Ruthu masuke makusudi, na wasimkemee.

Kikapu cha chakula

Kwa mama na watoto wanne, wiki mbili, wakila ugali mara moja na uji asubuhi, kadirieni unga kilo moja na robo hivi kwa siku. Hiyo ni pakiti tisa za kilo mbili, au gorogoro tisa (mikebe ya kupimia, ya kilo mbili hivi) za mahindi pamoja na pesa ya kusaga. Ongezeni omena (dagaa) gorogoro moja, ndengu (choroko) kilo tatu, mafuta lita moja, sukari kilo moja, chumvi nusu kilo, sabuni ya mche mmoja, kiberiti. Na makaa nusu gunia.

Makaa ndiyo huachwa, na ndiyo huharibu kikapu. Maharagwe makavu hukaa jikoni saa mbili au tatu. Mtu anayenunua makaa kwa mkebe hana makaa ya kuyaivisha, kwa hiyo anayauza kwa bei ya kutupa, kisha mtaani inasemwa kwamba watu wa msaada huuza msaada. Ndengu huiva upesi, omena upesi zaidi. Mkiwa hamna budi kupeleka maharagwe, mwambieni mama ayaloweke tangu jioni.

Pelekeni jioni, kwa mfuko wa kawaida wa sokoni, si siku ya ibada.

Kodi, hospitali, shule

Kodi ilipwe moja kwa moja kwa mwenye nyumba au mwangalizi wa ploti, na nambari ya ujumbe wa M-Pesa iandikwe daftarini. Lipeni mwezi mmoja, kisha mzungumze na mwenye nyumba kuhusu deni lililobaki. Wengi hukubali kulipwa polepole wakiona kuna watu nyuma ya mpangaji.

Kwa hospitali, pesa bora ni ile inayotangulia ugonjwa. Saidieni kila kaya kujiandikisha SHA, yaani bima ya afya ya serikali, kwa *147# na kitambulisho. Huduma za dispensari na vituo vya afya ni bure kwa aliyejiandikisha, lakini kulazwa hospitali kubwa kunahitaji mchango uwe umelipwa. Asiye na ajira rasmi hulipa mwaka mzima kwa pamoja, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600, pesa inayomkinga pia mwenzi wake na watoto. Shilingi 36,000 za fungu la kodi na matibabu kwa mwaka zingelipia kaya kumi. Bili moja ya upasuaji huzimeza zote.

Mzee wa miaka 70 na zaidi aulizwe kama yumo Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa wazee shilingi 2,000 kwa mwezi. Kama hayumo, mtu wa kamati amsindikize kwa chifu. Fomu za basari ya kaunti na ya CDF (mfuko wa maendeleo wa eneo bunge) nazo hutaka mihuri, na nyingi huharibika kwa kuchelewa, si kwa kukosa sifa. Kijana mmoja wa kanisa anayejua kujaza fomu ni msaada mkubwa kuliko gunia la unga.

Mtaji wa biashara ndogo uje mwisho. Ukimpa mama shilingi 3,000 za kuuza mboga wakati nyumbani hakuna unga, mtaji utaliwa kufikia Ijumaa, na hakuna wa kulaumiwa. Mpeni kwanza chakula cha wiki mbili, kisha nendeni naye kununua bidhaa yenyewe. Soko la Kibuye hufurika Jumapili, basi mtafuteni mwanakamati anayesali ibada ya kwanza.

Mahindi ya Agosti

Kila kanisa hutoa Desemba. Lakini Siaya, Busia na Vihiga mahindi ya mvua ndefu huvunwa Julai na Agosti, kwa hiyo ghala hukauka kuanzia Aprili, na Mei na Juni ndiyo miezi ya kulala na uji. Mafuriko ya Nyando na Budalang'i nayo mara nyingi huja na mvua hizo hizo. Akiba yenu ndiyo ya miezi hii: nunueni magunia ya kilo 90 baada ya mavuno bei ikishuka, myafungue Mei. Torati iliagiza zaka ya mwaka wa tatu iwekwe malangoni kwa ajili ya mgeni, yatima na mjane; ilikuwa ghala hasa, na kilichowekwa ni mazao ya shamba.

Mahindi yasiyokauka vizuri huota ukungu wenye sumu ya aflatoksini, kwa hiyo pimeni kabla ya kulipa. Chukueni chupa kavu ya kioo, tieni chumvi kavu kiganja na mahindi kiasi, tikiseni, ngojeni robo saa. Chumvi ikigandia kwenye kioo, mahindi yanataka jua zaidi. Yakikauka, yawekwe kwenye mifuko ya kuhifadhia isiyopitisha hewa, ifungwe mdomo kwa nguvu, juu ya mbao, mbali na ukuta. Hayahitaji dawa ya wadudu, ila panya akitoboa mfuko mmoja, uhamisheni siku hiyo hiyo.

Matanga

Mfuko huu usilipie matanga. Kwa kifo, watu wetu huchanga laki tatu kwa wiki moja bila kusukumwa. Aliyehitaji elfu nne za dawa mwezi uliotangulia ndiye aliyekosa wa kumchangia.

Siku mfuko ni mtupu

Itakuja, kwa kawaida Januari, shule zinapofunguliwa. Msikope kutoka mfuko wa ujenzi kimya kimya, wala msimkwepe mtu njiani. Mwendeeni, wawili kama siku ya ziara, mmwambie: "Mama, mwezi huu hatuna ya kodi. Tumezungumza na mwenye nyumba, amekubali kungoja mpaka tarehe kumi. Unga tutaleta Alhamisi." Kisha hakikisheni mmezungumza na mwenye nyumba kweli.