Kikohozi chenye makohozi mengi: namna ya kusafisha kifua

Hapa Goma, mafua, moshi wa makala na vumbi la volkeno ndivyo vinavyojaza kifua mara nyingi. Kikohozi cha mafua huisha chenyewe, ingawa huweza kufika wiki 3. Makohozi ya kijani peke yake si sababu ya kukimbilia amoksisilini (antibiotiki) farmasi, kwani haiui virusi vinavyoleta mafua.

Kazi ni kuyatoa. Kunywa maji ya vuguvugu mara kwa mara. Kisha keti wima, vuta pumzi ndefu, ishike sekunde 2 au 3, halafu isukume nje kwa nguvu, mdomo wazi, kama unayetia ukungu kwenye kioo. Rudia mara moja, kohoa, tema. Ukikohoa ovyo mfululizo, njia za hewa hubana na makohozi hubaki palepale. Asali kijiko kimoja usiku hutuliza, ila asipewe mtoto chini ya mwaka 1. Na mbabula (jiko la makala) itoke nje ya nyumba!

Hata kama huenda ni mafua tu, kikohozi kikipita wiki 2, nenda upimwe kifua kikuu. Ukitema damu, ukibanwa pumzi, au mtoto wa miaka 1 hadi 5 akipumua mara 40 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, ni kituo cha afya siku hiyohiyo.