Somo: Kufuatilia kesi ya Mahakama ya Rwanda (ICTR) kwenye nyaraka zake

Wakuu, wengi wetu tunaijua mahakama ile ya Arusha, ya Umoja wa Mataifa, iliyosikiliza kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994, kwa habari za magazetini tu. Nyaraka zenyewe zipo, na nyingi ziko wazi kwa umma. Tutumie kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, Rwanda.

1. Ingia ucr.irmct.org. Ni kanzidata ya chombo cha Umoja wa Mataifa kilichopokea nyaraka za mahakama hiyo, iliyofungwa 31 Desemba 2015. Tawi la Arusha la chombo hicho liko Lakilaki.

2. Tafuta kwa namba ya kesi: ICTR-96-4. 96 ni mwaka. Herufi T ikifuata, ni kesi ya msingi. A ni rufaa.

3. Soma hati ya mashtaka, na hapa usiharakishe, maana ziko mbili. Ile ya Februari 1996 haina shtaka la ubakaji hata moja. Kesi ikaanza kusikilizwa Januari 1997. Akiwa kizimbani, Shahidi J akaeleza kwamba binti yake mdogo alibakwa. Shahidi H naye akasimulia aliyotendewa mwenyewe. Juni 1997 hati ikarekebishwa, zikaingizwa aya za 12A na 12B zenye madai ya ubakaji. Zifungue hati zote mbili uzilinganishe mstari kwa mstari.

4. Ndipo uende kwenye kumbukumbu za vikao, kisha hukumu ya 2 Septemba 1998, aya ya 731. Majaji wanasema ubakaji wa Taba ulikuwa tendo la mauaji ya kimbari. Hakuna mahakama ya kimataifa iliyowahi kuamua hivyo kabla yao. Anayesoma hukumu peke yake anawaona majaji. Aliyepitia vikao anajua kwamba wanawake wale ndio waliowafikisha hapo. Kwangu hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika jalada hili.

5. Rufaa ya Akayesu ilitupwa 1 Juni 2001, kifungo cha maisha kikabaki.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, mbona kurasa nyingine zina mistari iliyofutwa?
Jibu: Ni sehemu za vikao vya faragha, au maneno yanayoweza kumtambulisha shahidi. Ndiyo maana wanaitwa kwa herufi. Ukihisi unamjua, tafadhali usiandike jina lake popote. Kuvunja amri ya kumlinda shahidi ni kosa la kuidharau mahakama, na mtu huyo huenda bado anaishi jirani na ndugu wa mshtakiwa.

Swali: Lugha je? Kiingereza changu ni cha kuombea maji.
Jibu: Lugha za mahakama zilikuwa Kiingereza na Kifaransa, kwa hiyo ndugu zetu wa Bujumbura na Bukavu wachukue nakala za Kifaransa. Mashahidi wengi walisema Kinyarwanda kikafasiriwa palepale. Neno likikutatiza, linganisha nakala mbili kabla ya kulinukuu.

Swali: Namtafuta aliyehukumiwa kijijini kwetu, simwoni.
Jibu: Arusha walishtakiwa watu 93 tu, wengi wao vigogo. Wa vijijini walipitia Gacaca, yaani mahakama za kijamii za Rwanda, zilizofungwa Juni 2012 baada ya kesi karibu milioni 2. Majalada hayo yako Rwanda, ulizia Kigali.